Kocha kasepa, mechi inayofuata timu imepiga sita. Kwa hiyo kocha hakuwa kitu?

Kuna hoja moja huku Mtwara kila kocha akiondoka ghafla lazima itoke, na inatoka kwa sauti kubwa: kocha ni kocha tu, timu ni wachezaji. Ushahidi wanaoupenda siku hizi ni Yanga. Mwanzoni mwa Februari 2025 Sead Ramovic aliaga ghafla akaenda CR Belouizdad ya Algeria, ligi iko katikati, mbio za ubingwa na Simba zimepamba moto, na yeye mwenyewe hajatimiza hata miezi mitatu tangu akabidhiwe timu. Siku ile Ligula nzima stori ilikuwa hiyo tu, watu wa Yanga wamenuna, watu wa Simba wanacheka. Mechi iliyofuata Yanga wakampiga KenGold 6-1. Akaja Miloud Hamdi, msimu ukaenda mpaka Juni 25, Yanga wakamfunga Simba 2-0 na kubeba ubingwa kwa pointi 82, Simba wakabaki na 78. Msimu mmoja, makocha watatu, na kombe likabaki pale pale Jangwani kwa Yanga.

Sasa ukimwambia mtu kocha ana mchango mkubwa kwenye timu anakutajia hiyo sita, na ubishi unaishia hapo. Mi sikubali. Naona tunapima kazi ya miezi kwa kuangalia dakika tisini, halafu jibu tulilolipata kwa Yanga tunalileta huku kusini kwenye timu ambazo hazifanani na Yanga kwa lolote, tunalibandika kama lilivyo, viongozi nao wanalisikia na wanafanyia maamuzi. Kijiweni mtu huwezi kumaliza sentensi tatu bila kukatwa ndo maana nimeamua kuandika.

Tuanze na hao hao Yanga. Hamdi kweli ndo alinyanyua kombe, lakini ile timu ilitengenezwa lini? Nasreddine Nabi alifika Aprili 2021, msimu wake wa kwanza kamili wa 2021/22 Yanga wakachukua ubingwa bila kufungwa mechi hata moja, mwaka 2023 akawafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika wakapoteza kwa USM Alger kwa goli la ugenini tu, walifungwa 2-1 hapa uwanja wa Mkapa halafu wakashinda 1-0 kule Algiers. Akaondoka Juni 2023. Akaja Miguel Gamondi, Novemba mwaka huo huo Yanga wakampiga Simba 5-1, wakaenda robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa matuta baada ya mechi mbili bila goli. Msimu wa 2024/25 Gamondi akaanza kwa kushinda mechi nane za ligi mfululizo bila nyavu zake kutikisika. Halafu akafungwa na Azam 1-0, akafungwa na Tabora United 3-1, katikati ya Novemba hayupo.

Kwa hiyo Ramovic anapokuja anakuta wachezaji ambao kwa zaidi ya mwaka wamefundishwa namna moja ya kukaba juu, namna moja ya kutoka na mpira nyuma, wanajuana hata wakifumba macho. Anapoondoka hivyo vitu haviondoki naye kwenye begi. Wale waliompiga KenGold sita walikuwa bado wanacheza vitu walivyofundishwa na watu watatu, wawili kati yao wameshaondoka zamani. Na KenGold yenyewe tuseme ukweli ilikuwa inaburuza mkia na mwisho wa msimu ikashuka, sasa unapimaje pengo la kocha kwa mechi kama ile?

Wenzangu wa huku mtanielewa nikisema hivi. Mkorosho unaupulizia salfa kuanzia mwezi wa sita wakati maua yanatoka, ukichelewa ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua yote, halafu korosho unaiona mwezi wa kumi. Aliyepuliza anaweza kuwa keshaenda zake Dar. Anayesimama kwenye mnada akapokea hela ni mwingine, na hakuna mtu pale ghalani anayeuliza salfa ilipigwa na nani. Kwenye mpira ndo tunafanya hivyo hivyo, sifa tunampa aliyekuwepo siku ya mnada, na lawama pia.

Hili nililiona kwa macho yangu kwenye timu ya mtaani kwetu, sio ya kwenye tivii. Tulikuwa na kocha ambaye kazi yake ni ualimu wa sekondari, vijana wote walikuwa wanamwita Ticha na mpaka wazazi wao. Timu ilikuwa kwenye ligi ya wilaya na ilikuwa inaenda vizuri sana, tuko juu kwenye kundi letu, watu wameanza kuja uwanjani hata siku za mazoezi. Ikatoka barua ya uhamisho. Anayejua maisha ya mtumishi anajua, barua ikitoka unaenda kuripoti, hakuna cha ligi ya wilaya wala nini. Alikusanya vijana jioni akawaaga, mipira na vizibao vya mazoezi akamkabidhi msaidizi wake ambaye ni dereva bodaboda, kesho yake asubuhi na mapema akapanda basi.

Mechi iliyofuata tulishinda. Tulishinda vizuri kabisa, vijana wamejituma kupita kiasi maana walikuwa wanataka kumwonyesha Ticha kwamba wako naye, magoli mawili yalitoka kwenye kona na zile kona ni za Ticha mwenyewe, mtu anakimbia nguzo ya karibu anavuta beki, mwingine anakuja kwa nyuma. Baada ya mechi wazee wa mtaa wakaanza: si mnaona, timu ni wachezaji. Ile ile hoja.

Yaliyofuata sasa. Ticha alikuwa kila wiki anawapeleka vijana Shangani ufukweni kukimbia kwenye mchanga, na hakuwa anawapeleka kwa maneno, alikuwa anakimbia nao. Msaidizi wake ana bodaboda ya kupeleka hesabu kwa bosi kila jioni, asubuhi ile ya Shangani ikafa. Pumzi ya mtu haiishi siku moja, inakaa wiki kadhaa, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyeona kitu. Kisha ikaanza kuonekana kuanzia dakika ya sabini kwenda mbele. Tunaongoza mpaka dakika hizo halafu miguu inakuwa mizito, mido wanaacha kurudi, tunasawazishiwa. Mechi nyingine tukafungwa goli la mwishoni kabisa, beki wetu anamwangalia mtu anampita hana hata nguvu ya kumvuta jezi. Watu wakaanza kumtukana beki.

Na huyo beki wa kushoto ndo nataka nimuongelee vizuri. Kwao wana shamba la korosho upande wa Tandahimba, msimu ukifika familia nzima inahamia shambani kuokota. Ticha alikuwa anaenda nyumbani kwao mapema kabla msimu haujaanza, anakaa na mama yake, wanapanga: kijana ataokota siku za katikati ya wiki, Ijumaa anarudi mjini, Jumapili jioni anapanda gari kurudi shambani, na nauli Ticha anachangia mwenyewe. Sisi wengine hatukuwa tunajua hata kama kuna makubaliano ya namna hiyo. Alipohama hakuna mtu aliyekwenda kuongea na yule mama, na mama wa watu hakuwa na sababu ya kumtoa kijana shambani kwenye msimu kwa ajili ya timu ambayo haijamuuliza chochote. Kijana akaanza kuja mechi moja anakosa mechi mbili, akija hana mazoezi, akifanya kosa anazomewa, mwisho akaacha.

Kwenye msimamo wa ligi ya wilaya hilo utaliandika wapi? Ukisoma matokeo utaona timu ilishinda baada ya kocha kuondoka kisha ikashuka taratibu, utasema wachezaji wamelewa sifa. Mi najua kilichotokea. Kocha wa timu ndogo anashika vitu vingi ambavyo havina jina, na havionekani mpaka pale vinapokosekana, na vinapokosekana havikosekani siku moja vyote kwa pamoja.

Kwa Yanga na Simba vitu hivyo vina watu wake. Kuna kocha wa viungo, kuna kocha wa makipa, kuna daktari, kuna anayekata video za wapinzani, kuna meneja wa timu anayejua nani kafiwa na nani mke wake kajifungua. Kocha mkuu akisepa anaacha nyuma yake watu wengi wanaojua kazi na kesho asubuhi mazoezi yapo kama kawaida. Timu zetu za huku kocha mkuu anaweza kuwa ndo karibu yote hayo yeye mwenyewe, pamoja na kwenda kuwabembeleza viongozi posho za wachezaji zitoke.

Namungo sasa. Hii kwa watu wa kusini ni stori ya kujivunia na ndani yake kuna huo huo ubishi. Ndanda yetu, Wanakuchele, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 ikakaa mpaka 2019/20 ikashuka, na msimu huo huo Ndanda anashuka, jirani zetu wa Ruangwa ndo kwanza wamepanda na wanamaliza nafasi ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Msimu wa kwanza! Kocha ni Mnyarwanda Hitimana Thierry. Wakafika na fainali ya Kombe la FA kule Sumbawanga Agosti 2020 wakafungwa na Simba 2-1, na kwa sababu Simba alikuwa bingwa wa ligi tayari, Namungo wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho. Timu ya Ruangwa inaenda Afrika. Mtu ambaye hajawahi kupita ile njia ya Nanganga kwenda Ruangwa enzi za vumbi hawezi kujua hilo lilikuwa na maana gani kwetu.

Mwishoni mwa 2020 Hitimana akaondoka, mikoba akapewa Hemed Suleiman, yule mnayemjua kwa jina la Morocco. Na chini ya Morocco Namungo wakamtoa Al Hilal Obeid ya Sudan, 2-0 hapa na 3-3 kule kwao. Wakapangwa na Primeiro de Agosto ya Angola, na hapo yakatokea yale ya Luanda Februari 2021, timu imefika kule baadhi ya watu wakaambiwa wana korona, mechi haikuchezwa, mwisho CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakaamua mechi zote mbili zipigwe Dar. Namungo wakashinda ya kwanza 6-2, wakafungwa ya pili 3-1, wakapita kwa jumla ya 7-5 kwenda hatua ya makundi. Watu wakasema unaona, Hitimana kaondoka na timu imeenda mbele zaidi, kwa hiyo Morocco ni kocha mkubwa kuliko yeye.

Halafu yakaja makundi. Raja Casablanca, Pyramids ya Misri, Nkana ya Zambia. Mechi sita, Namungo kafungwa zote sita, goli la kufunga hata moja hakuna. Watu wale wale wakageuka, wengine wakasema bora Hitimana angekuwepo.

Mi naona wote wawili wameonewa kwenye huo ubishi. Ile timu iliyompiga de Agosto sita ilikuwa na mifupa ya Hitimana ndani yake, msimu mzima wa kushika nafasi ya nne haufutiki kwa wiki chache. Na kufungwa na Raja na Pyramids sio kwamba Morocco aliharibu kitu, zile ni timu ambazo bajeti yake na uzoefu wake ni dunia nyingine, hata Hitimana angebaki sioni angetokaje pale. Lakini nikitazama namna walivyofungwa, mechi nyingi ni 1-0, 1-0, 1-0, timu imejipanga inazuia mpaka basi lakini mbele haina kitu, naona kocha aliyepokea timu katikati ya msimu akaanza na kitu ambacho kinawezekana kufundishwa haraka, yaani kuzuia. Kushambulia kunataka muda. Mtu akija Desemba hawezi kuwa na mashambulizi yake Machi, tena ratiba imebana, ligi huku, Afrika kule, mazoezi yenyewe ni ya kupoza miguu.

Kuna kingine kwenye huu ubishi ambacho kinanisumbua zaidi. Kocha anayefukuzwa na kocha anayeondoka mwenyewe tunawaweka kapu moja. Anayefukuzwa anafukuzwa lini? Timu ikiwa chini kabisa, imefungwa mfululizo, bahati mbaya zote zimeangukia wiki hizo. Hata ukimleta nani baada ya hapo timu itapanda kidogo, maana haiwezi kuendelea kugonga mwamba kila wiki. Kuna mwanauchumi wa Uholanzi anaitwa Bas ter Weel alichukua ligi yao kuanzia 1986 mpaka 2004 akaangalia timu zilizobadili kocha baada ya matokeo mabaya, akazilinganisha na timu zilizopata matokeo mabaya ya aina hiyo hiyo lakini zikabaki na kocha wao. Zote zilipanda tena. Kubadili kocha hakukuonyesha faida. Hiyo nikimwambia mtu hapa Mtwara ananiletea Ivory Coast.

Na Ivory Coast ni mfano mzito, siwezi kuupita. AFCON ya kwao nyumbani, Januari 2024, wamefungwa na Equatorial Guinea 4-0, kocha Jean-Louis Gasset akaondolewa mashindano yanaendelea, hawajui hata kama wamepita, wanasubiri timu ya taifa ya Morocco imfunge Zambia ndo wapite kama mmoja wa washindwa bora. Akapewa timu Emerse Faé aliyekuwa msaidizi, mtu ambaye hajawahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa. Wakamtoa Senegal kwa matuta, wakamfunga Mali wakiwa pungufu, wakamfunga Congo 1-0, fainali wakamfunga Nigeria 2-1. Kombe. Pale sibishi, kuondoka kwa kocha kulibadilisha kitu, na nadhani kilichobadilika ni vichwa vya wachezaji, aibu ya zile nne na uhuru wa mtu ambaye keshaona kaburi lake akafukuliwa. Ila angalia nani alichukua timu. Alikuwa ndani tayari, anajua nani ana goti bovu na nani hajalala vizuri. Wangemleta mgeni kwa ndege usiku ule, sidhani.

Hispania walifanya hivyo hivyo 2018, kocha wao Lopetegui kafukuzwa siku mbili kabla ya mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia kwa sababu alishakubaliana na Real Madrid, akapewa Hierro, wakatolewa na Urusi kwa matuta. Hakuna anayeusema sana huo mfano kijiweni.

Sasa kocha anayeondoka mwenyewe. Huyo anaondoka timu ikiwa juu! Ndo maana ametakiwa. Sven Vandenbroeck Januari 2021, Simba wamempiga FC Platinum 4-0 wamepita kwenda makundi ya Ligi ya Mabingwa, watu hawajamaliza kushangilia, kesho yake Sven hayupo, kaenda zake FAR Rabat ya Morocco. Nabi aliondoka akitoka fainali. Fadlu Davids Septemba 2025 ameondoka Simba kwenda Raja, ni yule aliyewafikisha fainali ya Shirikisho dhidi ya RS Berkane miezi michache tu nyuma. (Hawa Wamorocco wanatuchukulia makocha kila wakati, na hakuna kiongozi ninayemsikia anaongelea kipengele cha mkataba cha kuwazuia au walau cha kuwalipisha hela ya maana.) Timu ikiwa kwenye kilele chake, hata kocha angebaki, kuna uwezekano mkubwa ingeshuka kidogo. Kwa hiyo anapoondoka na timu ikashuka tunasema ni pengo lake, na sehemu ya hilo sio pengo lake kabisa.

Lakini Simba hao hao wanatupa mizani nzuri, tena ndani ya klabu moja. Sven alipoondoka, kocha msaidizi Selemani Matola alibaki, kikosi cha kina Chama na Miquissone kilibaki, akaja Didier Gomes akaongezea, na Simba wakashinda kwa AS Vita kule Kinshasa, wakamfunga Al Ahly 1-0 kwa Mkapa kwa lile goli la Miquissone, wakaongoza kundi kwa pointi 13. Robo fainali wakafa kwa Kaizer Chiefs, walifungwa 4-0 kule na ushindi wa 3-0 hapa haukutosha, iliuma sana. Fadlu yeye alipoondoka aliondoka na baadhi ya wasaidizi wake, na Simba iko katikati ya mechi mbili na Gaborone United. Mechi ya marudiano akakaa Hemed Morocco kwa muda, droo ya 1-1, wakapita kwa 2-1 jumla. Halafu wakamchukua Dimitar Pantev kutoka kwa hao hao Gaborone United waliowatoa, na Pantev hakufika hata Krismasi. Msimu ukayumba mapema.

Tofauti ya 2021 na 2025 mi siioni kwenye ukubwa wa Sven na Fadlu. Naiona kwenye nani alibaki kwenye benchi kesho yake asubuhi. Matola peke yake hawezi kuziba viti vitatu vinne vilivyoachwa wazi kwa siku moja, na huyo ni Simba, klabu yenye hela. Chukua hali hiyo ilete kwa Namungo, au Ndanda ikirudi siku moja Inshallah, uone itakuwaje.

Ndo maana nakereka nikisikia kiongozi wa timu ya huku anasema kocha akiondoka tutaleta mwingine, mbona Yanga walibadili watatu wakachukua ubingwa. Kaka, Yanga walibadili kocha, hawakubadili timu nzima. Wewe kocha wako akiondoka ameondoka na daftari la mazoezi, ameondoka na namba za simu za mawakala, ameondoka na ile imani ya wachezaji kwamba kuna mtu anawasemea kwenye mishahara. Utamleta mwingine kweli, lakini anaanzia kwenye kujifunza majina.

Taifa Stars nao niwaguse maana ubishi wake bado wa moto. Kocha Adel Amrouche alifungiwa na CAF AFCON ikiwa imeanza Januari 2024, baada ya kufungwa na nchi ya Morocco 3-0, timu akapewa Hemed Morocco pale pale. Sare na Zambia 1-1, sare na Congo bila goli. Akaendelea nayo, Novemba 2024 Stars wakamfunga Guinea 1-0 kwa Mkapa, goli la Msuva, tukafuzu AFCON nyingine. CHAN ya Agosti 2025, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, akafika robo fainali akatolewa na nchi ya Morocco 1-0. Novemba 2025, AFCON imebaki kama mwezi mmoja na nusu, akatolewa akapewa Gamondi. Stars wakafungwa na Nigeria 2-1, sare na Uganda, sare na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia tukavuka makundi, tukaenda kutolewa na wenyeji 1-0.

Huku mtaani Gamondi ndo shujaa na sina tatizo naye, yule mzee anajua mpira na alipangilia vizuri mechi ya Tunisia. Ila mechi tatu za makundi huwezi kujenga timu ndani yake. Ule uvumilivu wa kukaa nyuma bila kupaniki, dhidi ya timu zinazotuzidi, Hemed Morocco alianza kuujenga kwenye ile sare ya Congo mwaka 2024, na kabla ya hapo watu wa Ruangwa tuliuona akiwa na Namungo dhidi ya Pyramids kule Cairo, timu ya daraja lake inafungwa moja tu ugenini. Mtu akiniuliza sifa ya kuvuka makundi igawanywe vipi, Morocco nampa nusu na zaidi, na najua jamaa zangu wa Chikongola watanijia juu kwa hili.

Kwa Namungo, siku wakitangaza tena wameachana na kocha, mimi sitauliza anakuja nani. Nitauliza msaidizi anabaki au naye anaondoka, nani anaendesha mazoezi Jumatatu, na mpango wa viungo wa wiki nane zilizobaki uko mikononi mwa nani. Waandishi wetu wa redio za huku wanaweza kuuliza hayo, wana namba za viongozi wote. Halafu mechi ya kwanza wakishinda nitashangilia kama wengine, ila macho yangu yatakuwa kwenye mechi ya tano na ya sita, kuanzia dakika ya sabini.